Mchinjaji wa Miwani ya Jua

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na nikiona damu ninaanguka. Afadhali niliseme mapema, maana nimelificha kwa zaidi ya miaka thelathini, na kulificha kumenichosha kuliko kufundisha.

Sisemi kwamba ninasikia kizunguzungu kidogo, nikanywa maji, nikaendelea na shughuli zangu. Ninaanguka. Magoti yanaachia kwanza, masikio yanajaa sauti ya nyuki, halafu dunia inaondoka, na nikizinduka ninakuta watu wamenizunguka wananipepea kwa chochote walicho nacho mkononi. Siku moja mke wangu alijikata kidole akimenya ndizi za supu ya mtori, hapo tunapoishi Shirimatunda, Moshi mjini. Akaja sebuleni nimfunge kitambaa. Alijifunga mwenyewe, kisha akanifunga na mimi kichwani, kwa sababu nilipokwenda chini nilipitia kwenye kona ya meza. Tangu siku hiyo yeye akawa mtu pekee duniani aliyejua siri yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Utauliza nimefundishaje somo hilo miaka yote. Nimelifundisha kwa chaki. Mzunguko wa damu ninauchora kwa nyekundu na bluu, na ninajigamba kwamba Moshi nzima hakuna mwalimu anayechora moyo wa binadamu kama mimi. Ikifika siku ya kupasua chura, kisu hushikwa na mtunza maabara wetu, mama mmoja mwenye mikono mitulivu, na mimi husimama nyuma kabisa ya darasa nikiwaambia wanafunzi kwamba mwalimu mzuri huwapisha wengine waone. Kuna siku moja ambayo mama huyo hakuja kazini. Siku hiyo nitaifikia. Siipendi, na kama ningekuwa mtu mjanja zaidi nisingeitaja kabisa.

Kwetu kwa asili ni huko juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Ikifika Desemba watu wanapanda kutoka kila pembe ya nchi, na Krismasi haiwi Krismasi bila mbuzi, na mbuzi hawi mbuzi bila kisusio, ile supu inayochanganywa na damu yake. Damu inakingwa kwenye beseni, mtu anaikoroga haraka isigande, watu wazima wanasimama wanaitazama kwa mapenzi, na wote wanafurahi isipokuwa mimi.

Marehemu baba ndiye aliyekuwa akichinja. Alikuwa na kisu chake chenye mpini wa pembe uliofungwa waya, kisu ambacho hakikukata mkate wala kitunguu mwaka mzima. Akisha kukinoa alikuwa akitazama huku na huku, kisha ananiambia, "Wewe nenda kaniletee majani ya migomba." Yale majani ndiyo ya kupangia nyama. Basi mimi nilishuka mpaka mwisho wa kihamba, lile shamba letu la nyumbani, nikachagua majani kwa makini kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi, nikalikata moja, nikalikataa, nikatafuta lingine, mpaka nisikie kwa mbali watu wameanza kucheka na kupiga gumzo. Hapo nilijua mbuzi ameshakuwa nyama. Nyama sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye yale mambo ya katikati.

Kisha baba akatutoka. Nililia sana siku zile, na sitasema uongo, katikati ya machozi kuna pembe moja ya akili yangu iliyokuwa ikihesabu miezi mpaka Desemba. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Kisu sasa kilikuwa changu.

Mwezi wa kumi na moja akanipigia simu baba mdogo, mdogo wake marehemu. Huyu ni mzee aliyepandisha wageni mlimani tangu ujana wake, mtu wa maneno machache, na hata hayo machache huyatoa kama vile anabeba mzigo wa mtu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Kisu cha kaka yangu ninacho. Nimekinoa. Ukoo wote utakuwepo. Wanataka kuona nyumba ya marehemu ina mtu."

Simu ikakatika. Mke wangu akaniangalia. "Mwambie ukweli," akasema.

Nikamwambia haelewi mila. Yeye anatoka juu zaidi kuliko sisi, mila anazielewa kuliko mimi, lakini mtu anayezama hachagui cha kushika.

Nikaamua kujizoeza. Nilinunua chupa ya tomato, nikaimimina kwenye sahani, nikaikodolea macho kwa dakika kumi. Nilifaulu vizuri kabisa, tena kwa chipsi. Kisha nikapata wazo la kisayansi. Nilienda mjini nikanunua miwani ya jua, nyeusi tii, kwa hesabu kwamba nyekundu ikipita kwenye kioo cheusi inakuwa kahawia, na kahawia haijawahi kumwangusha mtu. Mke wangu alipoiona aliniwekea tu pakiti ya glukosi kwenye begi.

Ilikuwa asubuhi, siku moja kabla ya Krismasi. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye migomba. Nilitoka ndani nikiwa nimevaa shati jeupe, kwa sababu baba alikuwa akivaa shati jeupe, na miwani yangu. Uani palikuwa pamejaa: shangazi amechuchumaa kwenye beseni na mwiko wake wa kukorogea, shemeji na binamu wamemshika mbuzi, dada yangu mkubwa kwenye moto, na wazee wawili watatu wa ukoo wamekaa kwenye benchi kama kamati ya usaili.

Baba mdogo alinitazama kuanzia viatu mpaka miwani. "Mwanangu," akasema, "unachinja au unachomelea geti?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, nikasema macho yananisumbua na vumbi. Akanipa kisu.

Sala ikasaliwa. Nikapiga goti, nikafumba macho nyuma ya miwani, mkono wa baba mdogo ukaushika wangu ukaniwekea kisu mahali pake, nikasikia, "Sasa," na nikafanya. Namshukuru Mungu kwa hilo, kwamba mbuzi yule hakuteseka kwa ajili ya upumbavu wangu. Kazi ilifanyika sawasawa. Kwa muda wa sekunde mbili hivi nilikuwa mwanaume wa ukoo.

Lakini nilikuwa nimejikinga macho tu, masikio sikuyakumbuka. Nikaisikia ikishuka kwenye beseni. Nikashtuka, nikafumbua macho, na kwa kuwa nilikuwa nimeinama, miwani ikateleza puani ikadondoka humohumo ndani, na mimi nikaona.

Walionishuhudia wanasema sikuanguka ghafla. Nilikunjika polepole, kwa adabu, kama mtu anayekwenda kusujudu, kisha nikaingia kwenye beseni kwa uso.

Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa juu ya majani ya migomba yaliyoandaliwa kwa ajili ya nyama. Pembeni yangu alikuwa amelazwa mbuzi. Tulilala ubavu kwa ubavu, na kati yetu wawili yeye ndiye aliyeonekana mwenye heshima. Beseni lilikuwa limepinduka. Damu yote ilikuwa kwenye shati langu, kwenye nywele zangu na kwenye gauni la shangazi, na iliyobaki mbwa alikuwa akiishughulikia kabla mtu hajabadili mawazo.

Balaa haliji peke yake. Jirani mmoja alikuwa akipita na ndoo ya pumba, akachungulia uani, akaona mtu wa shati jekundu amelala chini, kisu pembeni, na dada yangu anapiga kelele. Hakusubiri maelezo. Aliitupa ndoo akakimbia kupeleka habari, na kabla chai haijachemka kina mama watatu walikuwa wameshaingia getini na khanga zao za msiba, mmoja ameleta na sukari. Walinikuta nimekaa kwenye kigoda nanyweshwa glukosi. Yule wa sukari alinitazama kwa muda mrefu, akaonekana kama ameibiwa kitu. Lakini sukari aliiacha.

"Umepatwa na nini?" baba mdogo akaniuliza.

"Jua," nikasema. "Jua limenipiga."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito hata mti wa parachichi wa jirani ulikuwa hauonekani. Hakuna aliyecheka. Baba mdogo aliokota kisu, akakifuta kwenye jani, akakichomeka kwenye mkanda wake. "Mwaka wa kwanza wa kaka yangu kutokuwepo," akasema, "na kisusio hakuna." Akaenda kukaa na wazee, akanipa mgongo.

Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini ile ilikuwa ya aina yake. Niliona aibu kwa baba aliyekuwa kaburini hatua thelathini kutoka pale. Niliona kwamba nyumba yake haina mtu, na kwamba ukoo mzima umekuja kulithibitisha hilo, tena jirani amealikwa. Nikaingia jikoni kwa mama. Akanipaka sabuni kichwani, akanimwagia maji kwa kopo kama nilipokuwa na miaka mitano.

Siku ya Krismasi, tuliporudi kutoka kanisani, mama alinikuta nimekaa ndani ya gari, nimefunga vioo. Akagonga. "Chukua isale uende kwa baba yako mdogo," akasema.

Isale ni jani refu la mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Kwetu, ukimkosea mtu ukamwendea na isale mkononi, anakusamehe. Si kwamba anaweza akafikiria kukusamehe. Anakusamehe. Isale halikataliwi, na atakayelikataa mkosi ni wake. Nimewahi kuona watu waliotishana kwa mapanga asubuhi wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja jioni, kwa ajili ya jani lile tu.

Nikalikata, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikapita nalo uani mbele ya wote. Baba mdogo alikuwa amekaa na watu wa nyumbani, sahani magotini. Akaweka sahani chini, akapokea jani kwa mikono miwili.

"Nimelipokea," akasema. "Siwezi kulikataa. Lakini isale bila maneno ni jani la mpaka tu. Umekosa nini?"

"Nimemwaga damu."

"Hiyo hata mbwa anaijua. Nauliza umekosa nini."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa akimenya chungwa na hakunisaidia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeshaumbuliwa, kilichobaki ni kusema tu. Nikasema. Nilisema kwamba ninaogopa damu, kwamba nimeogopa tangu nikiwa mdogo, kwamba haikuwa jua, kwamba nimefundisha baiolojia miaka kumi na minane na sijawahi kupasua hata panzi. Nikasema kuhusu tomato. Nikasema kuhusu miwani. Nilisema kwa kasi, nikitazama chini, na nilipomaliza nikasikia ng'ombe akicheua bandani.

Aliyeongea wa kwanza ni dada yangu. Mtu huyu ana sauti ya kusikika mpaka barabara ya lami, lakini siku hiyo aliongea chini chini. "Mimi," akasema, "kisusio sijawahi kukinywa maishani mwangu. Kinanishinda. Nikipewa bakuli ninaenda nyuma ya jiko ninamwaga kwenye mgomba."

"Mgomba upi?" shangazi akauliza.

"Ule."

Wote tukageuka. Ni mgomba maarufu. Mikungu yake haibebeki na mtu mmoja, na baba mdogo amekuwa akiwaeleza watu kwa miaka kwamba siri yake ni namna anavyouwekea samadi.

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na kicheko kikifungua mlango wengine hupita. Shemeji, mwanaume aliyefika kilele cha mlima na wageni mara nyingi kuliko alivyofika sokoni, akasema anaogopa ng'ombe, na ndiyo maana kila ikifika saa ya kukamua mgongo humuuma. Dada yangu akamtazama kwa namna iliyoonyesha kwamba mgongo huo utajadiliwa baadaye. Shangazi akasema amekaa kwenye kwaya ya kanisa miaka yote hii akifungua mdomo tu bila kutoa sauti, kwa sababu zamani mwalimu wa kwaya alimwambia anaimba kama mlango, na hajawahi kuthubutu tena. Alilisema hilo akicheka, lakini kuna machozi yalimtoka, na mama akamshika mkono. Baba mdogo peke yake hakuungama kitu. Mpaka leo tunamngojea.

Kisha mama akasema, bila kumtazama mtu, "Baba yako alijua."

"Alijua nini?"

"Wewe unadhani alikuwa akikutuma majani kwa nini? Majani nilikuwa ninayakata mimi tangu jana yake. Yalikuwa yanajaa nyuma ya jiko. Ukienda tu, anasema, haya sasa, chinja upesi kabla hajarudi."

Nilikumbuka yale majani niliyoyachagua mwaka baada ya mwaka, jinsi alivyoyapokea, akayasifia, akayapanga juu ya meza kana kwamba asingeweza kufanya chochote bila hayo. Mzee yule hakuwahi kunionyesha hata kwa jicho. Nililia pale pale, mbele ya ukoo, na sikuona aibu, jambo ambalo lilinishangaza mwenyewe.

Baba mdogo akachomoa kisu mkanda­ni akaniwekea mkononi. "Kuchinja atachinja shemeji yako, ng'ombe ndio wanamtisha, mbuzi hawamtishi," akasema. "Kugawa utagawa wewe. Kaka yangu hakukumbukwa kwa kuchinja. Anakumbukwa kwamba alijua kidari ni cha nani na mgongo ni wa nani, na hakumsahau mtu." Basi nikagawa, maana vile vipande vya heshima vilikuwa bado vinangoja mgawaji. Kwenye shingo nilifumba jicho moja, lakini kila mtu alipata chake, na mama wa sukari alipelekewa paja.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye raha. Lakini siku zile za sikukuu, kila nilipopita nyuma ya jiko, nilikuwa nikiliona lile rundo la majani kwa macho ya mawazo, na nyuma yake nikimwona binti mmoja. Nilisema kuna siku nitaifikia. Ndiyo hii.

Ni miaka kumi na mmoja sasa. Mtunza maabara alikuwa amekwenda msibani. Vyura walikuwa mezani, wanafunzi wa kidato cha tatu wamejipanga, na mimi sina pa kukimbilia. Nikasema atakayeanza kupasua ni mwanafunzi, nikamwita binti aliyekaa mbele, mtulivu, aliyekuwa akisema kila mara kwamba atakuwa nesi. Akashika kisu. Machozi yakamtoka, akasema, "Mwalimu, siwezi."

Nikaelewa kwamba kisu sasa kitarudi kwangu. Na mimi, kwa hofu hiyo, nikapandisha sauti. "Mchagga gani wewe unaogopa chura? Nesi gani? Rudi kwenu ukanyonye!" Darasa likalipuka kwa kicheko. Nikatangaza kwamba kwa utovu huo wa nidhamu somo limeahirishwa, nikatoka, nikaenda ofisini nikanywa chai, na ile chai, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu. Walimwita Chura mpaka wanamaliza kidato cha nne. Baiolojia aliikatia tamaa, na unesi hakuutaja tena. Baba alinificha mimi kwa majani, na mimi nilijificha nyuma ya mtoto wa watu.

Nilijua alipo. Yuko Kiboriloni sokoni, anauza kuku, na ukitaka anakuchinjia na kukunyonyolea hapohapo. Nilimwona miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo nikawa ninanunua nyanya upande wa pili wa soko, ninazunguka mzunguko mrefu wa kijinga ambao mke wangu alikuwa ameshauliza kuuhusu mara mbili.

Januari, Jumamosi moja, nilikata isale lingine, nikalizungushia gazeti, nikaenda sokoni. Palikuwa na wateja, nikajifanya nachagua mayai kwa muda, mpaka wakapungua. Amekuwa mtu mzima, ana aproni ya plastiki na mikono ya mtu ambaye kazi imemzoesha kile ambacho mimi nilishindwa kumzoesha.

"Shikamoo mwalimu," akasema, kama aliyekuwa akinitarajia.

"Marahaba." Nikafungua gazeti. Akaliona jani.

"Hilo la nani?"

"La kwako."

Hakunyoosha mkono. "Mwalimu, unajua isale siwezi kulikataa."

"Najua."

"Ndiyo maana umekuja nalo."

Njia nzima nilikuwa nimejiona mnyenyekevu, kumbe nilikuwa nimebeba kufuli. Nilikuja kuomba msamaha kwa namna ambayo jibu lake lilikuwa limeshaamuliwa.

"Liweke pale chini," akasema, akionyesha kwa kidole pembeni ya tenga. "Halafu useme mwenyewe. Nikitaka kukataa nikatae."

Nikaliweka chini. Mikono mitupu ni mizito, sikujua hilo. Nikamwambia, "Siku ile sikukasirika. Niliogopa. Mimi damu inaniangusha. Ungeniachia kile kisu ningeanguka mbele yenu, na ili nisianguke mimi nikakuangusha wewe. Nimekosa. Hukustahili hata neno moja la yale niliyosema."

Alinikazia macho. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe mwalimu ulikuwa unamwogopa yule chura?"

"Kuliko wewe."

Akatazama pembeni. Akakirudisha tengani kichwa cha kuku kilichokuwa kimechomoza. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani mle ndani nilikuwa peke yangu."

Mara akafika mteja, mama mmoja mwenye haraka, akataka jogoo mwekundu, achinjwe sasa hivi. Binti akamtoa jogoo kwenye tenga, akanitazama, akanielekezea miguu ya yule jogoo. "Shika hapa."

"Nitaanguka," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kulisema kabla ya kuanguka. Hakucheka. Alivuta kreti ya soda kwa mguu wake akaniwekea. "Kaa," akasema kwa sauti ya chini. "Geukia mlimani. Usigeuke mpaka nikuambie."

Nikakaa, nikamshika jogoo miguu, nikageukia mlimani. Mlima wenyewe haukuwepo, ulikuwa umefunikwa, nikayatazama mawingu. Nikamsikia akisogea, akasimama kati yangu na mteja na wale wauza dagaa wa pembeni, asionekane mtu aliyeketi nyuma yake akitoka jasho na kufumba macho.

"Huyo mzee ana nini?" mteja akauliza.

"Huyu ni mwalimu wangu," akajibu. "Ananisaidia kazi."

Nyuki walikuja masikioni, wakazunguka, wakaondoka. Sikuanguka. Mteja alitangulia kwenye vitunguu akiahidi kupitia kuku wake. Niliposikia gazeti likichakarika nikageuza shingo kidogo, nikamwona ameinama, ameokota lile isale kutoka mavumbini. Alilifuta kwa upande safi wa aproni, taratibu, jani lote, mpaka kwenye fundo, kisha akalichomeka kwenye mbao juu ya banda lake, mahali pa kuonekana.

"Nimelipokea," akasema. "Sasa mwachie huyo jogoo, mwalimu. Ameshakufa zamani."